Make Me a Star: filamu ya 1932 inayouliza nani ana haki ya kumcheka mwenye ndoto

Mwaka wa 1932, Marekani ikiwa imezama katika mdororo mkubwa wa uchumi, kampuni ya Paramount ilitoa filamu iliyotangazwa kama kichekesho. Jina lake ni Make Me a Star, yaani "Nifanye Nyota". Watu walikata tiketi ili wacheke, na sababu za kucheka zilikuwa nyingi. Lakini dakika za mwisho za filamu hiyo hazichekeshi hata kidogo. Zinaonyesha mtu mzima akilia kwa sababu amegundua kwamba watu walikuwa wanamcheka siku zote, na kati ya waliomzunguka hakuna aliyemwambia.

Zaidi ya miaka 90 imepita. Waigizaji wa filamu hiyo wamekwisha kufariki, na jina lake halisikiki sana hata kwa wapenzi wa sinema za zamani. Hata hivyo, swali lake limekuwa jipya tena katika siku hizi za simu zenye kamera: mtu akifanya jambo kwa moyo wote na akalifanya vibaya, sisi tunaomtazama tuna wajibu gani kwake?

Muuza duka mwenye diploma ya posta

Mhusika mkuu anaitwa Merton Gill. Ni kijana wa mji mdogo, mbali na California. Kazi yake ni kuuza katika duka la mzee mmoja, Gashwiler, mahali ambapo watu wananunua sukari, vitambaa na misumari. Mwili wake uko dukani, lakini mawazo yake yako Hollywood. Merton anasoma magazeti ya sinema, anayajua maisha ya nyota wote, na amesoma uigizaji kwa njia ya posta: shule inatuma masomo kwa barua, mwanafunzi analipa, na mwishoni anapokea diploma.

Katika kitabu kilichoizaa filamu hii, hadithi inaanza Merton akiwa peke yake dukani jioni, akiigiza mapambano ya kishujaa mbele ya sanamu za kuonyeshea nguo. Anazipa majina ya wahusika, anazitisha, anaziokoa. Patroni wake anamkuta katikati ya mchezo huo na kumfokea. Msomaji anacheka. Lakini tayari amekwisha kuelewa jambo moja: kijana huyu hatafuti pesa wala umaarufu wa bure. Anaamini kwamba sinema ni kazi takatifu, na kwamba yeye ameitwa kuifanya.

Imani hiyo ina mpaka. Merton anapenda filamu nzito, zile za makauboi wanaoonea huruma wanyonge na kufa kwa heshima. Vichekesho havipendi kabisa. Filamu za watu kuanguka na kupigana kwa keki za krimu, kwake yeye, zinaiaibisha sanaa. Shabaha yote ya hadithi imefichwa katika chuki hiyo.

Mlangoni pa studio

Merton anafunga safari hadi Hollywood akiwa na akiba kidogo na diploma yake. Huko anakutana na kitu ambacho magazeti ya sinema hayakumweleza: kungoja. Kila asubuhi anakwenda katika ofisi ya kuchagua waigizaji, na kila siku anaambiwa hakuna kazi. Hafukuzwi kwa matusi wala hakaribishwi. Anakaa tu pale, siku baada ya siku, mpaka wafanyakazi wanamzoea kama kiti.

Hatimaye anapata nafasi ndogo katika filamu ya kauboi anayempenda kuliko wote. Anapewa sentensi moja tu ya kusema. Hata hiyo inamshinda. Wanarudia, inamshinda tena, na anaondolewa. Mtazamaji hapo anajua kwa hakika kile ambacho Merton mwenyewe hawezi kukiona: kijana huyu hana kipaji cha uigizaji aliousomea.

Mwingine angerudi nyumbani. Merton anajificha ndani ya studio. Analala katika vyumba vya uongo vilivyojengwa kwa ajili ya filamu na kula mabaki, huku njaa ikimkonda. Anayemkuta katika hali hiyo ni Flips Montague, msichana anayecheza katika vichekesho na aliyezoea kuanguka na kuumia ili watu wacheke. Joan Blondell, aliyeazimwa kutoka kampuni ya Warner Bros., ndiye anayemwigiza. Flips anamlisha kwanza, kisha anamsikiliza. Anapomsikia akieleza ndoto zake kwa uso usio na chembe ya mzaha, anapata wazo litakaloleta furaha na maumivu kwa pamoja.

Uongo uliotengenezwa kwa huruma

Flips anakwenda kwa Jeff Baird, mtengenezaji wa vichekesho. Hoja yake ni rahisi: huyu kijana anawaiga makauboi wa sinema kwa bidii kiasi kwamba akiachwa afanye anavyojua, watu watavunjika mbavu. Kitakachochekesha ni kule kutojua kwake. Akijua ni mzaha, mzaha utakufa. Kwa hiyo asiambiwe.

Hapo ndipo filamu inaacha kuwa hadithi ya mjinga wa kijijini na kuwa hadithi ya watu wote waliomzunguka. Mwongozaji anamwambia kwamba ni filamu nzito. Wapiga picha, waigizaji wenzake, mafundi wa taa, wote wanajua ukweli na wananyamaza. Merton akiuliza kwa nini jambo fulani linaonekana la ajabu, anapewa jibu tamu la kumtuliza. Anapewa jina jipya la nyota na anavishwa nguo za kauboi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, watu wanamwambia kwamba anafanya vizuri.

Flips hafanyi hivyo kwa ukatili. Alimkuta mtu anakaribia kufa kwa njaa, na akamtafutia kazi ya pekee ambayo angeiweza. Lakini kadiri siku zinavyokwenda, anaanza kumpenda, na uongo uliokuwa mwepesi mwanzoni unakuwa mzito kila asubuhi. Anajua kwamba siku ya kuonyesha filamu itafika. Anajua pia kwamba kumwambia sasa ni kumnyang'anya furaha aliyoingoja miaka yote. Kila siku anayochelewa kusema inafanya siku inayofuata kuwa ngumu zaidi.

Usiku wa kicheko

Filamu inaonyeshwa kwa watu kwa mara ya kwanza, na Merton yupo ukumbini. Anangoja ukimya wa heshima ambao yeye mwenyewe huwapa nyota anaowapenda. Badala yake anasikia kicheko. Mwanzoni hakielewi. Kisha kinaongezeka kila uso wake unapotokea kwenye skrini, na kadiri sura yake inavyozidi kuwa ya huzuni na ushujaa, ndivyo watu wanavyozidi kujishika matumbo.

Anayetazama nyumbani leo anajikuta katika mtego. Saa nzima amekuwa akimcheka Merton: diploma yake, mwendo wake, sentensi iliyomshinda. Sasa anaonyeshwa uso wa yule aliyekuwa anamcheka, na uso huo umesikia kila kitu.

Kinachofuata ni mojawapo ya miisho isiyotarajiwa ya vichekesho vya enzi hiyo. Kwa upande wa studio, filamu imefaulu sana na kazi inamngoja. Merton anakwenda kumwona Flips akiwa amejikaza. Anajifanya kwamba alijua tangu mwanzo, kwamba alikuwa anachekesha kwa makusudi na hakuna aliyemdanganya. Flips anajua anadanganya. Ndipo nguvu zinamwishia na anaanza kulia, na msichana aliyemdanganya ndiye anayembembeleza. Filamu inamwacha hapo. Hakuna wimbo wa ushindi wala harusi.

Hadithi iliyosimuliwa mara nyingi

Make Me a Star haikuwa ya kwanza kumsimulia Merton. Aliyembuni ni Harry Leon Wilson, mwandishi mzaliwa wa Illinois, katika riwaya Merton of the Movies ya mwaka wa 1922. Mwaka huohuo George S. Kaufman na Marc Connelly waliigeuza kuwa tamthilia iliyochezwa Broadway, New York, ikiwa na Glenn Hunter kama Merton, nayo ikapendwa sana. Wote wawili baadaye walipata tuzo ya Pulitzer: Connelly mwaka wa 1930, na Kaufman pamoja na wenzake mwaka wa 1932.

Mwaka wa 1924 Paramount iliitoa kama filamu bila sauti, ikiongozwa na James Cruze, na Hunter akicheza tena nafasi yake. Filamu hiyo imepotea na hakuna nakala inayojulikana. Halikuwa jambo la ajabu kwa wakati ule. Ripoti ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya mwaka wa 2013 ilionyesha kwamba kati ya filamu ndefu zisizo na sauti karibu 11,000 zilizotengenezwa nchini humo, ni 14% tu zilizobaki katika hali yake ya awali.

Cruze mwenyewe alikuwa amekwisha kuigusa mada hii. Mwaka wa 1923 alitengeneza filamu iitwayo Hollywood, juu ya msichana anayekwenda kutafuta umaarufu na kukosa, huku babu yake, ambaye hakuwa na haja nao, akiupata. Nayo imepotea. Katika filamu hiyo alionekana kwa muda mfupi Roscoe Arbuckle, mchekeshaji maarufu ambaye kazi yake ilivunjwa na kashfa ingawa mahakama haikumkuta na hatia. Alisimama mbele ya dirisha la ofisi ya kuchagua waigizaji, na dirisha likafungwa.

Baada ya toleo la 1932, kampuni ya MGM ilirudia hadithi ya Merton mwaka wa 1947, safari hii na Red Skelton, mchekeshaji aliyekuwa tayari nyota. Tofauti inaonekana mara moja. Mtazamaji anapomwona Skelton anajua amekuja kumchekesha. Stuart Erwin, aliyemwigiza Merton mwaka wa 1932, ana uso wa mtu wa kawaida, wa kijana wa dukani kweli, na kwa sababu hiyo kilio chake kinauma.

Miisho nayo inatofautiana. Katika riwaya, Merton anakuwa nyota wa vichekesho, anamwoa Flips, na mwandishi anatuacha na wasiwasi kidogo kama kweli ameelewa anachokifanya. Filamu ya 1932 peke yake ilithubutu kukata hadithi pale ambapo kidonda bado kibichi. Labda wakati ule ulisaidia. Watazamaji wa mdororo wa uchumi walijua vizuri maana ya kuahidiwa mambo makubwa na kuamka mikono mitupu. Paramount yenyewe ilianguka katika usimamizi wa mahakama mwanzoni mwa mwaka wa 1933 kwa sababu ya madeni.

Nyota halisi kwenye kivuli

Studio ilifanya jambo lingine linaloongeza uchungu. Iliwaingiza nyota wake halisi katika filamu hii, kila mmoja akijicheza mwenyewe kwa muda mfupi: Gary Cooper, Claudette Colbert, Maurice Chevalier, Tallulah Bankhead, Fredric March, Sylvia Sidney na wengine. Ben Turpin, mchekeshaji aliyejulikana kwa macho yake yaliyopishana, naye yumo. Kwa mtazamaji wa 1932 ilikuwa zawadi. Kwa Merton ni ushahidi kwamba mbingu ipo kweli, na iko hatua chache tu kutoka pale alipokaa akingoja.

Watu waliongoja namna hiyo walikuwa wengi mno. Katika miaka ya 1920, vijana kutoka kila upande wa Marekani walijazana mbele ya milango ya studio wakitafuta kazi ya kuonekana nyuma ya nyota, katika umati. Mawakala binafsi waliwatoza pesa, na baadhi walinyanyaswa. Malalamiko yalizidi mpaka umoja wa kampuni kubwa za filamu, chini ya Will Hays, ukaanzisha ofisi ya pamoja iitwayo Central Casting mwaka wa 1925 ili kuratibu ajira hizo. Ofisi ilipunguza udanganyifu, lakini haikuweza kuunda nafasi za kuwatosha wote wenye ndoto.

Mwezi wa Septemba 1932, miezi michache tu baada ya Make Me a Star kutoka, mwigizaji kijana Peg Entwistle alijiua juu ya kilima chenye maandishi makubwa ambayo wakati ule yalisomeka HOLLYWOODLAND. Alikuwa na umri wa miaka 24. Hakukosa kipaji: alikuwa amecheza katika tamthilia kadhaa za Broadway kabla ya kuhamia California. Haingekuwa haki kutoa sababu moja tu ya kifo cha mtu. Lakini kisa chake kinasahihisha jambo ambalo filamu ya Merton inaweza kutupotosha. Waliokosa nafasi Hollywood hawakuwa wasio na kipaji peke yao. Wenye kipaji walikuwa katika foleni ileile.

Waliotengeneza filamu hiyo nao walionja pande zote mbili. Erwin, baada ya kumwigiza mtu asiyejua kuigiza, aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa filamu Pigskin Parade ya mwaka wa 1936, mwaka wa kwanza tuzo za waigizaji wasaidizi kutolewa. Mwongozaji, William Beaudine, aliwahi kumwongoza Mary Pickford, mwanamke maarufu kuliko wote katika sinema ya wakati wake. Lakini miaka ya baadaye alipata kazi katika filamu za bei ndogo. Mwaka wa 1966, karibu na mwisho wa kazi yake, alitengeneza filamu mbili za makauboi: katika moja Billy the Kid anapambana na Dracula, na katika nyingine Jesse James anakutana na binti wa Frankenstein. Leo watu wanazitafuta filamu hizo ili wazicheke. Mtu aliyeongoza usiku wa aibu wa Merton aliishia kutengeneza filamu ambazo Merton angeweza kucheza.

Makauboi wa Léopoldville

Ndoto ya kauboi haikubaki Marekani. Filamu hizo zilifika pia Kongo enzi za ukoloni wa Ubelgiji. Katika miaka ya 1950, vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walizipenda mpaka wakajiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Waliiga mavazi na mwendo wa makauboi, wakajipa majina ya kishujaa, na wakaunda lugha yao ya mtaani, Hindubill, iliyochanganya Kilingala na lugha nyingine. Mwanahistoria Ch. Didier Gondola amewaandikia kitabu kizima, Tropical Cowboys, kilichotoka mwaka wa 2016.

Kama Merton, Bills walijifunza ushujaa kwa kutazama skrini na kuiga. Lakini tofauti ni kubwa. Merton alingoja mlangoni ili wenye studio wampe ruhusa ya kuwa nani. Bills hawakumngoja mtu. Walimchukua kauboi, wakamfanya wa mtaa wao, na hakuna mwongozaji aliyeweza kuwageuza kichekesho bila wao kujua. Kuiga peke yake si aibu. Aibu ya Merton ilitengenezwa na waliomnyima ukweli.

Walipofuata njia ya Merton

Tangu wakati huo, hadithi ya Merton imetokea mara kadhaa nje ya filamu. Florence Foster Jenkins, mwanamke tajiri wa New York, aliamini ni mwimbaji wa opera ingawa sauti yake ilipotea kila mara. Kwa miaka mingi marafiki walimlinda kwa kumwimbisha mbele ya wageni waalikwa tu. Tarehe 25 Oktoba 1944 aliimba Carnegie Hall, mbele ya mtu yeyote mwenye tiketi. Ukumbi ulijaa, kicheko kikajaa, na magazeti ya kesho yake hayakumhurumia. Alifariki karibu mwezi mmoja baadaye, akiwa na umri wa miaka 76.

Mwaka wa 2003 ilikuwa zamu ya Tommy Wiseau. Aliandika, akaongoza, akagharamia na kucheza mwenyewe filamu The Room, aliyoitangaza kama drama nzito. Watazamaji wa Los Angeles walicheka. Baadaye filamu hiyo ilianza kuonyeshwa usiku wa manane katika miji mingi, watu wakija makusudi kucheka na kurusha vijiko vya plastiki. Wiseau naye alianza kueleza kwamba ilikuwa kichekesho cha giza. Ni maneno yaleyale ambayo Merton anajaribu kumwambia Flips. Tofauti ni kwamba Wiseau aliendelea kuyasema mbele ya watu, akauza tiketi, na mwaka wa 2017 James Franco akamtengenezea filamu, The Disaster Artist.

Visa hivi viwili vinaonyesha njia mbili. Jenkins alifichwa ukweli na watu waliompenda, mpaka ukamfikia wote kwa usiku mmoja. Wiseau aliupokea ukweli, akaugeuza, na akaula mkate wake. Merton amesimama katikati: anajaribu njia ya Wiseau, lakini machozi yanamzuia.

Je, Merton hakuwa na kipaji?

Kuna watakaosema kwamba mwisho wa filamu una kosa. Kama watu walicheka kiasi kile, basi Merton alikuwa na kipaji, ila hakukijua. Uso wake wa dhati ulikuwa na thamani kuliko mbwembwe za wachekeshaji kumi. Wachekeshaji wakubwa wa enzi ya filamu bila sauti walikuwa na uso huohuo: Buster Keaton alijenga jina lake kwa kutotabasamu hata nyumba ikimwangukia.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini inasahau jambo moja. Keaton alijua. Alichagua uso ule, akaufanyia mazoezi, na kicheko kilipokuja kilikuwa mshahara wake. Merton hakupewa nafasi ya kuchagua. Angeambiwa mapema kwamba ana zawadi ya kuchekesha, pengine angekasirika wiki moja, kisha angekubali au angerudi dukani. Yote mawili yangekuwa maisha yake mwenyewe. Jeff Baird hakumwibia pesa, maana alimlipa. Alichomnyima ni haki ya kujua kazi anayoifanya ni kazi gani.

Filamu inasema hivyo bila kuhubiri. Haimtukuzi Merton kuwa msanii aliyeonewa; inakubali kwamba sentensi moja ilimshinda. Haiwafanyi waliomdanganya kuwa mashetani. Flips ni mtu mwema kuliko wengi. Inachokiweka mezani ni hesabu ya kawaida. Wema uliofichwa ndani ya uongo unamfurahisha mtu leo na kumdai kesho, na anayelipa deni ni yeye peke yake, mbele ya watu.

Leo ukumbi wa Merton umehamia mkononi. Kijana anaimba harusini, mzee anahutubia mkutanoni, binti anaigiza kanisani au shuleni. Mmoja anarekodi, na kufikia jioni mji mzima umeiona. Wanaocheka hawamjui, na yeye hajui wanacheka nini mpaka mtoto wa jirani amwonyeshe. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mmoja wa karibu, kaka au rafiki, aliyemwita pembeni kabla na kumwambia kwa heshima: hili unaliweza, lile bado. Merton alizungukwa na studio nzima ya watu waliojua. Angehitaji mmoja tu.